Mji wa Karatasi Yenye Matundu

Likizo iliyopita nilikuwa natafuta daftari lenye kurasa tupu chini ya kitanda cha Mama, maana shule yetu hudai madaftari kana kwamba wazazi wanayachuma shambani pamoja na majani chai. Mkono wangu ukatoka na daftari langu la Hesabu la darasa la tano. Nikalifungua. Ndani mlikuwa na kalamu nyekundu ya mwalimu kila mahali, lakini si hiyo iliyonikalisha chini. Ni harufu. Daftari lilinuka mandazi. Miaka imepita, panya wamekula pembe mbili, na bado lile jalada lilinuka mafuta na moshi wa kuni mbichi. Na pale juu ya kijumba kidogo kilichochapwa kwa nukta nukta palikuwa na alama ya kidole gumba, ya mafuta. Kidole si changu.

Nilikaa nalo mpaka Mama akaniuliza kama nimeona nyoka.

"Karibu," nikamwambia. "Mkubwa kidogo. Ana mabawa."

Kama ulisomea upande wetu wakati ule, unaikumbuka ile karatasi. Ndefu, imeungana kama mabehewa ya treni, ina mistari ya kijani iliyofifia na matundu madogo madogo kandoni, pande zote mbili. Sisi tuliipata kwa Anti Chelangat, dada ya Baba, aliyekuwa akisafisha ofisi katika shamba moja la kampuni upande wa Kericho. Kila akija kututembelea alikuja na gunia lake: ripoti zilizotupwa, orodha za majina, kitu chochote kilichokwisha kazi ofisini, nasi tukafunikia madaftari. Kiprono, rafiki yangu wa kufa na kuzikana, alikuwa na daftari la Dini lililofunikwa kwa orodha ya mbolea. Hakuna aliyeona kasoro.

Lakini karatasi hiyo haikuwa ya mchezo kwa watu wazima. Habari za kiwanda zilikuja kwa karatasi yenye matundu. Slipu ya bonasi ilikuja kwa karatasi yenye matundu. Kwetu mchungaji angeweza kubishiwa na chifu angeweza kusengenywa hadharani, lakini karatasi yenye matundu ikisema kitu, kimesemwa. Nakuambia haya mapema ili usije ukatucheka kabla ya wakati.

Siku moja nikivuta karatasi kutoka gunia la Anti, ikatoka ramani.

Sijawahi tena kukutana na karatasi iliyonishika vile. Ulikuwa mji mzima, umechapwa na mashine, nukta kwa nukta. Ukuta mnene ukiuzunguka. Geti moja kubwa. Mto ukiingia chini ya ukuta, ukijikunja kama mkono wa mtu aliyebeba mtoto, kisha ukitoka upande wa pili. Ndani, nyumba arobaini, kila moja na namba yake. Hakuna jina la mji. Hakuna barabara niliyoijua. Chini, palipopaswa kuwa na maelezo, karatasi ilikuwa imechanika.

Nilimuuliza Mama ni mji gani. Akasema, bila kuinua kichwa, "Nairobi." Nikamuuliza mwalimu wetu wa Jiografia. Akaiangalia kwa muda mrefu, mikono nyuma.

"Ni mji wa ng'ambo."

"Ng'ambo gani, Mwalimu?"

"Ng'ambo. Kaa chini."

Basi tukaamua kuingia wenyewe. Kiprono alichukua penseli, ile ya pande sita, akakwangua kila upande kwa wembe na kuandika namba moja mpaka sita. Unaibingirisha penseli, unasonga nyumba kwa nyumba kutoka getini, zamu baada ya zamu, unabisha hodi. Mwenzako lazima aseme ndani kuna nani, na wewe lazima useme unafanya nini. Hatukufundishwa na mtu. Ulikuwa ndio mchezo pekee tuliouona kwenye karatasi ile.

"Nabisha kumi na nne," Kiprono angesema.

"Unafunguliwa. Ndani kuna mwalimu wa Hesabu amelala."

"Nafunga mlango polepole."

"Mlango unalia nyiii."

"Nakimbia!"

Nyumba moja tu ilitushinda, namba tisa, mkono wa kulia ukishapita geti. Kila Kiprono alipobisha pale nilikosa la kusema. Na mimi si mtu wa kukosa la kusema. Kijijini waliniita Redio, na si kwa heshima. Lakini tisa ilikuwa kimya. "Hajafungua," nilikuwa namwambia. "Jaribu kesho."

Uwanja wetu wa kuchezea ulikuwa kibanda cha Mama Moraa, kando ya kituo ambapo wakulima walipeleka majani kupimwa. Mama Moraa alikuwa ametoka upande wa Kisii zamani, kabla sisi hatujazaliwa, na alikuwa akikaanga mandazi kwenye karai lenye umri sawa na wangu. Alikuwa mpana, mcheshi, asiyegeuza uso wake kutoka kwenye mafuta hata akikutukana. Hakuwa na shamba. Alikaa katika chumba kimoja kwenye boma la mtu, na mwenye boma alikuwa ameanza kukitaka chumba chake, kwa maana kijana wake ameleta mke. Haya tuliyajua wote. Kwetu hata kuku walijua nani amelala wapi.

Mvua ya saa nane ilikuwa imetukusanya chini ya mabati yake, wakulima na vikapu vyao vya majani, mimi na Kiprono tumeitandaza ramani juu ya gunia, ndipo Mzee arap Soi alipoinamisha kichwa. Huyu alikuwa mzee wa kofia na koti, mwenye maoni kuhusu kila kitu, pamoja na mambo ambayo hayajatokea.

"Hiyo ni nini?"

"Ramani, Mzee."

"Naona ni ramani. Ya wapi?"

Nilifungua mdomo kusema sijui. Lakini yeye alikuwa ameshagusa ukingo wa karatasi, akapitisha kidole kwenye matundu, moja, moja, moja.

"Karatasi ya matundu," akasema polepole. Kisha, "Na namba. Jameni, hizi ni ploti."

Kibanda kizima kikageuka. Ukitaka Wakenya wasahau mvua, taja ploti.

"Yangu ni ngapi?" akaniuliza mimi. Mimi!

Sijui nani aliniingia. "Kumi na saba, Mzee."

"Usinitanganye, kijana." D na T kwake walikuwa mapacha.

"Si mimi, Mzee. Ni karatasi."

"Kumi na saba iko wapi?"

"Hapa, kando ya mto."

"Mto unafurika! Nibadilishie."

Nikambadilishia. Ishirini na mbili, juu kidogo, hewa safi. Akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyetendewa haki kwa mara ya kwanza maishani. Watu wakacheka, lakini walicheka wakisogea karibu, na mmoja akauliza kama kuna ploti ya pembeni, inayofaa duka. Nikagawa. Niligawa mji mzima kabla mvua haijakatika, Kiprono akiandika majina nyuma ya daftari la Dini.

Mama Moraa aligeuza mandazi yake mpaka wengine wote wakatulia.

"Na sisi wageni?" akauliza, mgongo kwetu. "Tumeandikwa huko?"

"Umeandikwa, Mama Moraa. Wewe ni tisa."

Hapo ndipo alipoyaacha mafuta. Alijipangusa mkono kwenye leso, akaja, akainama. Hakuniambia nimbadilishie. Aliitazama ile nyumba tu, halafu akarudi kwenye karai na kuniongezea andazi ambalo sikuliomba. Nikalila. Nilikuwa na miaka kumi na moja na tayari nimekula hongo ya ardhi.

Sasa, nyinyi wa rika langu mtanielewa. Nilianza kwa utani. Lakini wiki ikapita, na watu wazima waliendelea kusalimiana kwa namba. "Jirani wa ishirini na mbili, hujambo?" Mama mwenyewe, niliyemgawia thelathini na moja kwa upendeleo wa wazi, aliuliza kama ina maji. Utani wangu ulikuwa umevaa koti na kofia, na nilipokutana nao njiani sikuutambua. Nikaanza kufikiri: labda nilikisia ukweli. Watu wote hawa wana akili, wamezaa watoto, wamekatwa bonasi, hawawezi kudanganywa na mimi. Na kama wao wanaamini, mimi ni nani nisiamini?

Kiprono ndiye aliyesema, "Kama ni ploti, lazima kuna mahali."

Tukaenda kupatafuta. Ilituchukua Jumamosi nzima, tukifuata mto kutoka juu kwenye mikaratusi mpaka chini, suruali zimekunjwa, ramani ndani ya mfuko wa plastiki. Tulitaka mahali ambapo mto unajikunja kama mkono. Na mnajua nini? Tulipapata. Chini ya josho la ng'ombe, kwenye uwanja ambao hakuna aliyelima, mto ulijikunja. Tuliigeuza ramani mara tatu mpaka ukakubali. Kiprono alinishika bega. Sijasahau ule ukimya: chura mmoja, harufu ya dawa ya josho, na mji mzima umelala chini ya majani ukingoja kuamshwa.

Basi tukauamsha. Tulibeba vijiti kutoka kwenye michai iliyokatwa, tukavichonga, tukaviandika namba kwa makaa, tukahesabu hatua kutoka getini, yaani kwenye jiwe kubwa, na kuvipigilia kimoja kimoja mahali pake. Arobaini. Mikono yetu ilitoka malengelenge. Sikuwa nikimdanganya mtu. Nilikuwa nasaidia serikali.

Jumapili, watu wakitoka kanisani, Mzee arap Soi aliviona vigingi.

"Serveya amepita!" Sauti yake ilifika mpaka ng'ambo ya mto. "Niliwaambia! Ardhi imepimwa! Serveya amepita!"

Watu waliteremka na nguo zao za kanisa, wakitafuta namba zao kwenye umande. Mama Moraa alikuja nyuma ya wote. Alikiona kigingi cha tisa, akasimama. Kisha akaanza kutembea, hatua tano huku, hatua nne kule. "Hapa mlango," akasema, hakuna aliyemuuliza. "Jiko hapa, moshi usiende kwa watu." Akaokota jiwe na kuliweka palipo pa mafiga. Nikamwona akilisogeza kidogo, kama mtu anayenyoosha kitanda.

Alasiri hiyo hiyo Anti Chelangat alifika na gunia lake, na habari. Alikuwa amemsemea Mama Moraa kwa nyapara wa kampuni. Nafasi ya kuchuma ipo, na nyumba ipo kambini, ya kudumu, ya mawe. Nyapara anataka jibu kabla ya Jumamosi.

"Mwambie asante," Mama Moraa akasema, akipuliza moto. "Nina ploti."

"Ploti?"

"Mwulize Redio."

Anti alinitazama. Mimi kifua kilikuwa kimenijaa mpaka vifungo vinalalamika. Kisha Anti akaanza kuzungumza mambo mengine, akilalamika kuhusu kazi, kwamba mtoto wa meneja amerudi likizo na anamaliza karatasi yote ya ofisi kwa michezo yake, na yeye ndiye anayeokota. Sikumsikiliza. Kwani mtoto wa meneja alinihusu nini?

Jumatatu nilikaa kufunika daftari langu la Hesabu, nikavuta karatasi kutoka gunia jipya. Ilikuwa ramani ile ile. Mto ule ule, geti lile lile. Lakini hii haikuchanika chini, na juu ya geti palikuwa na joka.

Sisemi nyoka. Joka lenye mabawa na kucha, limechorwa kwa kalamu, linatema moto juu ya nyumba. Kando yake kulikuwa na majina manne ya watoto, matatu yamekatwa kwa mstari, na mbele ya kila lililokatwa neno la Kiingereza ambalo hata darasa la tano tulilijua: amekufa. Mchezo. Ulikuwa mchezo, kama wetu, na mtu mwingine alikuwa akibisha hodi kwenye nyumba zile zile kabla yetu. Chini kulikuwa na maelezo ya nyumba zote. Nikasoma kwa kidole. Kumi na nne, wezi. Ishirini na mbili, mfua panga. Nikapanda mpaka tisa.

Tisa: tupu. Hakuna mtu.

Nilimwonyesha Kiprono shuleni. Aliliangalia joka.

"Labda ni la serveya," akasema.

Siku tatu sikula vizuri. Ukitania watu wakacheka, umewapa kitu. Mimi nilikuwa nimegundua kwamba unaweza kutania mtu akaweka jiwe la mafiga. Jumanne nilimpita Mama Moraa mbio. Jumatano nilimpita mbio zaidi. Alhamisi asubuhi nilivaa suruali mbili, moja juu ya nyingine, kwa kutarajia kiboko, nikaenda kibandani kabla watu hawajaleta majani.

"Mama Moraa. Ule mji hauko."

Nikamkunjulia karatasi. Aliishika kwa vidole vyenye mafuta, akaisogeza kwenye mwanga.

"Huyu ndiye chifu wa huko?" akauliza, akilionyesha joka.

Sikucheka. Yeye pia hakucheka.

"Nani alisema tisa ni yangu?"

"Mimi."

"Kwa nini tisa?"

"Iko karibu na geti. Watu wakiingia, wangenunua mandazi kwanza."

Kidole gumba chake kilikuwa kimesimama juu ya ile nyumba. "Na hapa chini wameandika nini?"

Ningeweza kumdanganya. Kiingereza hakukijua. "Wameandika hakuna mtu."

"Hm," akasema. "Basi hao hawakudanganya." Akanirudishia karatasi. "Nenda ung'oe kile kigingi. Uniletee."

Nilikimbia mpaka joshoni na kurudi. Alikipokea kile kijiti, akaisoma namba, halafu akakisukuma chini ya karai pamoja na kuni nyingine. Kilikuwa kibichi, kilitoa moshi mwingi, kikatutoa machozi sote wawili, na kila mmoja angeweza kusema ni moshi. Andazi la kwanza lilipoiva alilitoa, akalifunga kwenye kipande cha gazeti na kunipa.

"Kula," akasema. "Hiyo ndiyo nyumba yangu."

Sikuweza kulimaliza. Kiprono alilimaliza.

Siku iliyofuata alikuwa ameondoka, na karai, na leso, na kila kitu. Hakuaga. Hakumwambia mtu kuhusu joka. Suruali zangu mbili zilikuwa kazi bure. Vigingi viliangushwa na ng'ombe, kimoja kimoja, na Mzee arap Soi mpaka leo anashikilia kwamba mji ulikuwepo, ila wakubwa wameunyakua. Nimemweleza mara mbili. "Ndivyo wanavyotaka uamini," ananiambia.

Mimi sikumwonyesha mtu ile karatasi tena. Nilimaliza mwaka nayo juu ya Hesabu, kidole cha mafuta kikinitazama, nikifeli.

Baada ya kulipata daftari, nilimuuliza Anti kama Mama Moraa bado yupo kule kambini. "Yupo," akasema. "Nyapara amechoka naye." Nikamwomba anipeleke. Nililichana lile jalada, nikalikunja, nikalitia mfukoni.

Nyumba za kambi ni nyeupe, zimepangwa kwa safu, zinafanana kama meno. Kila mlango una namba yake kwa rangi nyeusi ya kampuni. Tulipita thelathini na tisa. Arobaini. Arobaini na moja. Mlango uliofuata ulikuwa na rangi mpya nyeupe, na juu ya rangi hiyo, kwa makaa, kwa mwandiko uliopinda, tisa. Baada yake arobaini na tatu.

"Umeshapakwa rangi mara tatu," Anti akaninong'oneza. "Anaandika tena. Ukimuuliza, anasema ndiyo namba aliyopewa."

Nilisimama pale kama nilivyokuwa mbele ya ile ramani zamani, Kiprono akinisubiri niseme ndani kuna nani. Nikabisha hodi.

"Nani?" Sauti ile ile, ya mtu asiyeacha mafuta yaungue kwa sababu yako.

"Serveya," nikasema.

Andazi likalia chii kwenye karai.

"Ingia," akasema. "Lakini hilo joka lako liache nje."